Namaliza utarajali, naingia tiba ya familia: niwe najua nini?

Swali limetoka kwa daktari tarajali wa Dodoma. Nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo Dokta. Namalizia mwaka wangu wa utarajali hapa Dodoma na nimepata nafasi ya kusomea tiba ya familia. Wenzangu wananitania kwamba naenda kusomea udaktari wa mafua. Mimi sicheki, naogopa. Hospitali kubwa kila kitu kipo, na bingwa yuko ghorofa ya juu. Nimeambiwa sehemu kubwa ya mafunzo nitakuwa kwenye vituo vya afya huko wilayani. Siku ya kwanza nitegemewe kuwa najua nini, na kipi naweza kujifunzia huko huko? Na ninunue vifaa gani?"

Marahaba, daktari. Hao wa udaktari wa mafua waache wacheke. Wenzao wa rika langu leo ni mabingwa wenye majina, na mama zao wakipandwa na presha huko Mpwapwa au Kondoa, simu wananipigia mimi.

Hofu yako ina msingi, tuanze nayo. Wodini ulikozoea, mgonjwa anakufikia akiwa ameshachujwa. Kuna mtu zahanati au mapokezi aliyekwisha kuamua kwamba huyu ni wa upasuaji, huyu wa watoto, huyu apelekwe wodi ya wazazi. Kwenye kituo cha afya chujio ni wewe. Jumatatu asubuhi benchi lina watu 40, na wengi wao wangepona hata kama ungelala nyumbani kwako. Wachache wana maradhi ya kudumu, wamekuja kuchukua dawa na kuonana na mtu wa kuongea naye. Na katikati yao, kajifunika kitenge, kimya kabisa, yupo mmoja ambaye hapaswi kulala kwake usiku huo. Hana alama usoni.

Kwa hiyo ukiniuliza ujuzi wa msingi ni upi, nitautaja mmoja: uweze kusema "bado sijajua huu ni ugonjwa gani", na mgonjwa wako abaki salama mpaka mtakapojua. Miaka mitano ya chuo na huu mmoja wa utarajali imekufundisha kutafuta jina la ugonjwa. Huku utaishi siku nyingi bila jina. Ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana kwa nje. Uingereza daktari humaliza kwanza miaka 2 ya mafunzo ya awali baada ya chuo, ndipo aanze miaka 3 ya kusomea kazi hii hii. Si kozi ya waliokosa pa kwenda.

Sasa, kitu cha kwanza unachopaswa kuja nacho ni masikio. Najua unajiona unayo. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Beckman na Frankel, waliwarekodi madaktari wakiwa na wagonjwa wao, wakapima muda unaopita tangu mgonjwa aanze kueleza shida yake hadi daktari amkatize. Wastani: sekunde 18. Na mwaka 1975, huko Uingereza, Hampton na wenzake walikuwa wamefuatilia wagonjwa wapya 80 wa kliniki. Kwa 66 kati yao, barua ya rufaa na maelezo ya mgonjwa tu vilitosha kufikia utambuzi uliokuja kukubaliwa mwishoni, kabla hata ya kumshika. Yaani kipimo cha bei rahisi kuliko vyote tunacho, na tunakizima wenyewe kabla hakijapata moto.

Kwetu hapa kuna la ziada, lugha. Mzee wa Kigogo haanzi na shida. Anaanza na salamu, na salamu ina hatua zake. Akisema "mbukwenyi" ukaitikia kama mtu uliyelelewa, tayari mmekutana. Shida ndipo itafuata, na neno la kwanza atakalolitoa mara nyingi ni pazia tu. Mwanamume wa miaka 50 akikuambia "kiuno", huenda ni kiuno kweli. Huenda pia ni mkojo unaokatika njiani, au mambo ya chumbani ambayo hawezi kuyataja mbele ya daktari wa umri wa binti yake. "Ngiri" nayo hivyo hivyo. Mama akisema "chango", usiandike chochote kabla hujamuuliza chango lake linafanyaje, lini, na lilianza baada ya nini. "Vichomi" vinaweza kuwa nimonia, misuli au moyo. "Presha" mara nyingine ni hofu: "Nilipata presha mtoto alipochelewa kurudi."

Na kuna neno moja ambalo hukulisikia chuoni, utalikuta Dodoma na Singida: lawalawa. Bibi analeta mtoto mchanga wa kike, anasema ana lawalawa, maana yake kuna kuwashwa au uchafu sehemu za siri. Kwa miaka mingi watu wameaminishwa kwamba dawa yake ni kumkeketa. Ukilisikia neno hilo usicheke, na usigombe. Mtibu mtoto maambukizi yake, mweleze bibi kwa utulivu kwamba hiki kinapona kwa dawa na usafi, na mpe siku ya kurudi ili aone mwenyewe kimepona. Ajue pia kwamba tangu mwaka 1998 sheria inasema kumkeketa binti aliye chini ya miaka 18 ni jinai. Lakini kwa uzoefu wangu anayemshawishi bibi ni mtoto aliyepona. Sheria inakuja nyuma.

Mimi haya ya lugha nilijifunza vibaya. Mwaka wangu wa kwanza kufanya kazi bila mtu juu yangu, kwenye kituo ambacho sitakitaja, alikuja mama wa miaka arobaini na kitu. "Kiuno, daktari." Nikampa diklofenaki ya maumivu. Baada ya wiki tatu akarudi, kiuno kile kile. Nikapima mkojo, nikaona seli mbili tatu, nikampa dawa ya yutiai, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Mara ya tatu foleni ilikuwa imefika mlangoni, na kalamu yangu ilikuwa inaandika kabla hajaketi. Muuguzi mkunga wa kituo, mama mtu mzima, alikuwa anapita na trei. Akamtazama yule mama anavyokaa, kaegemea upande mmoja wa kiti. Akaweka trei chini, akamwambia, "Njoo mama, nikuoneshe choo." Hakuwa ameomba choo. Walirudi baada ya dakika kumi. Mama alikuwa anatokwa damu kila akikutana na mumewe, tangu kabla ya mavuno yaliyopita. Aibu ndiyo iliyoita damu ile kiuno. Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi, na ilikuwa imeshapita pale ambapo upasuaji ungemfaa. Tulimwandikia rufaa ya hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Spekulamu, kifaa cha kutazamia mlango wa kizazi, ilikuwamo kabatini, hatua nne kutoka kiti changu, siku zote tatu.

Utauliza, niseme nini basi? Keti. Kalamu iweke mezani. Salimia, sema "Karibu, nieleze", kisha nyamaza dakika nzima hata kama benchi linakukodolea macho. Akinyamaza, uliza "Na kingine?" Halafu muulize anadhani ni nini. Hapo wengi watakushangaa: "Si wewe ndiye daktari?" Usikate tamaa, badilisha swali: "Na nyumbani wanasemaje?" Hilo linafungua, kwa sababu sasa si yeye anayesema, ni shangazi. Shangazi anasema ni kisukari kama cha marehemu. Shangazi anasema amerogwa. Shangazi anasema akapime "ule ugonjwa". Ukishajua shangazi kasema nini, unajua mgonjwa ameleta hofu gani, na usipoigusa hiyo hofu dawa zako zitaishia kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda.

Jambo la pili ambalo sitaki ulijifunzie huko, uje nalo tayari, ni kumtambua aliye hatarini kwa macho, mikono na saa. Nikueleze moja tu kwa kirefu. Mtoto wa miezi minane, kikohozi siku tatu, mama kamfunga mgongoni kwa khanga. Usimkimbilie na stethoskopu. Mwambie mama amshushe, amnyonyeshe. Ngoja atulie. Mfunue tumbo taratibu, tazama linavyopanda na kushuka, na uhesabu kwa dakika kamili. Ile tabia ya kuhesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne iache wodini, maana mtoto hapumui kwa mpangilio: anakimbiza kidogo, anapumzika, anakimbiza tena. Kwa wa miezi 2 hadi kutimiza mwaka, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za haraka. Kwa wa mwaka 1 hadi 5, 40. Kwa mchanga wa chini ya miezi 2, 60. Wakati unahesabu, tazama kama chini ya mbavu panavutwa kuingia ndani anapovuta hewa. Kisha yale maswali ya hatari: ananyonya? anatapika kila kitu? amepata degedege? amelegea hataki kuamka? Dakika tatu, bila umeme na bila maabara, na umeshajua kama mtoto huyu anakwenda nyumbani au la. Nimeona madaktari wenye shahada mbili wakisikiliza kifua cha mtoto anayelia kwa nguvu zake zote, kisha wakaandika "kifua kiko safi".

Wajawazito. Kila mjamzito anayelalamika kichwa, kuona ukungu, au maumivu ya juu ya tumbo, pima presha kabla hujamjibu neno. Baada ya wiki 20, presha ya 140/90 inatosha kukuinua kitini. Akipata kifafa cha mimba mikononi mwako, magnesiamu salfeti ianze hapo hapo: gramu 4 mshipani polepole, kisha gramu 5 kwenye kila tako. Ile ya mshipani ni mililita 8 za dawa ya asilimia 50, unaongeza mililita 12 za maji ya sindano. Iandike kwa kalamu nene, ibandike ukutani chumba cha kujifungulia, kwa sababu saa tisa usiku hesabu ya darasa la tano inakataa. Ili dawa isimzidi, tazama goti kama bado linaruka ukiligonga, pumzi zisishuke chini ya 16 kwa dakika, na mkojo uwe unatoka. Halafu ndipo gari la wagonjwa. Usimpakie mgonjwa garini akafuata sindano yake kilomita 70 mbele.

Mtoto mchanga asiyelia ana dakika moja: mkaushe, msugue mgongo, asipopumua shika ambu, ule mfuko wa kumpulizia hewa. Tanzania ilijaribu mafunzo haya kwenye hospitali 8 kuanzia mwaka 2009, na vifo vya watoto ndani ya saa 24 za mwanzo vikapungua kwa asilimia 47. Mafunzo mengi niliyoyahudhuria hotelini hayajawahi kuleta matokeo ya namna hiyo. Mtu mzima aliyevimba koo na kuishiwa pumzi baada ya sindano: adrenalini miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja, na kichupa chake kiwe kwenye droo unayoweza kuifungua gizani. Mengine ya mikono, kushona, kupasua jipu, kufunga gango, kutoa kondo lililokwama, umeyafanya utarajalini. Ambayo hukuyafanya yaandike leo, kabla hujaondoka, ukamwombe mtu akusimamie angali yupo ghorofa ya juu.

Turudi kwenye kutojua. Niite kitendo hiki kumfungia mgonjwa kamba ya kurudi, maana sijapata jina zuri zaidi. Msichana wa miaka 19 ametoka kijiji cha ndani huko Bahi, tumbo linamuuma tangu jana usiku. Mimba hana, umepima. Homa hana. Tumbo ni laini, linauma kidogo kila mahali. Daktari mwoga atamwandikia rufaa ya mjini, na nauli ya kwenda mjini ni pesa ya mbolea. Daktari jeuri atamwambia ni gesi, aende. Wewe mwambie hivi:

"Mdogo wangu, leo sijaona hatari tumboni mwako, lakini bado sijajua ni nini. Inaweza kuwa gesi ikaisha yenyewe. Inaweza pia kuwa kidole tumbo ndiyo kinaanza. Kikiwa kidole tumbo, maumivu yatahamia hapa chini kulia, kila hatua utakayotembea itakuuma, na chakula utakichukia. Ukiona hivyo, hata iwe saa nane usiku, usingoje kuche. Unaishi wapi? Na nani? Usiku usafiri wenu ni nini?"

Maswali matatu ya mwisho ndiyo yanayoamua, na hayamo kwenye kitabu chochote ulichosoma. Mwezi wa nane, barabara ni vumbi tu, bodaboda anafika kwenu usiku. Mwezi wa pili, mvua ikishapiga, korongo linajaa, na hakuna bodaboda atakayevuka hata umpe nini. Tumbo lile lile ninaloliruhusu liende nyumbani mwezi wa nane, mwezi wa pili nalilaza kituoni hadi asubuhi, hata kama ni kwenye kitanda cha chumba cha kupumzikia. Mkaguzi aliwahi kuniuliza mgonjwa huyu amelazwa kwa ugonjwa gani. Nikamjibu, korongo. Hakucheka.

Kabla hajatoka, hakikisha kamba imefungwa. Usimuulize "umeelewa?", atasema ndiyo, sote tumelelewa kusema ndiyo kwa daktari. Muulize, "Ukifika nyumbani mama akakuuliza daktari kasemaje, utamjibuje?" Utashangaa anachokirudia. Akikosea, kosa ni lako, eleza upya. Na siku ya kurudi ipange kwa kalenda yake: ukimwambia "baada ya siku tatu" hatarudi, ukimwambia "siku ya mnada upitie hapa kwanza" atarudi, kwa sababu mnadani atakwenda vyovyote iwavyo.

Vipimo na dawa nitavipitia haraka, utavisoma kwenye mwongozo wa taifa wa matibabu. Ila utasikia kila siku, "Daktari naomba nipime taifodi na yutiai." Kipimo cha Widal, kile cha damu cha taifodi, kikifanywa mara moja tu, katika nchi ambayo watu wengi wameshakutana na vijidudu hivyo, kinamwambia mzima kuwa ni mgonjwa. Usikimbilie antibayotiki kwa sababu ya karatasi hiyo. Malaria kwetu kanda ya kati ni chache kuliko Kanda ya Ziwa au Kusini, kwa hiyo mRDT, kipimo cha haraka cha malaria, ikisema hapana, mwamini, utafute kingine. Mfugaji mwenye homa inayokuja na kuondoka na viungo vinavyouma, muulize kama anakunywa maziwa mabichi, ufikirie brusela, ugonjwa utokao kwa mifugo. Kikohozi cha wiki mbili, makohozi yaende kupimwa kifua kikuu, hata kama mwenyewe ana uhakika ni vumbi.

Na uliza jiko. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu walianza kuja macho ya njano, matumbo yamejaa, wengine wa nyumba moja. Kati ya wagonjwa 68 walioorodheshwa, 20 walifariki. Ilikuwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye mahindi yaliyohifadhiwa vibaya. Jibu la ugonjwa ule lilikuwa ghalani. Tangu mwaka huo, mgonjwa wa ini akija kwangu namuuliza mahindi yao yana rangi gani, na kama kuku wa nyumbani wanaendelea vizuri.

Kuhusu presha na kisukari, nikuombe jambo moja tu: kabla hujaandika dawa, uliza "hii utaweza kuinunua kila mwezi?" Kama ana kadi ya bima ya afya, jua dawa gani zinapatikana kwa kadi hiyo hapo ulipo. Mtu akikuambia dawa zilimwishia "nikajisikia mzima", hajakudharau. Presha haiumi, na shilingi inauma.

Afya ya akili usiikimbie. Dodoma ina hospitali ya Mirembe, na jina hilo limegeuka tusi mitaani: "Utapelekwa Mirembe wewe." Matokeo yake, mwenye sonona hakuambii ana huzuni. Anasema mwili unawaka moto, kichwa kinatembea wadudu, usingizi haupo. Amezunguka vituo vitatu akitibiwa taifodi. Ukishafika hapo, jifunze kuuliza moja kwa moja kama amewahi kutamani asiwepo. Swali hilo halimpandikizii mtu wazo, nimeliuliza mara nyingi sana, na wengi hushusha pumzi kama waliotuliwa mzigo.

Watu utakaowakuta. Tabibu na wauguzi wa kituo wamekaa pale miaka 15, 20. Wamemzalisha mama, na sasa wanamzalisha binti yake. Wewe utafika na shahada yako na koti jeupe lenye mikunjo ya dukani. Wiki ya kwanza uliza zaidi ya unavyoagiza. Yule muuguzi wangu wa trei hakunisema mbele ya mgonjwa hata siku moja. Aliningoja jioni, akaniambia, "Daktari, wanawake wa huku wakisema kiuno, wewe uliza damu." Sikujibu kitu. Mpaka leo nauliza damu.

Barua ya rufaa iwe na mambo manne: unachokihofia, ulichoona, ulichompa na saa ngapi, na unachoomba afanyiwe. "Ndugu daktari, naomba umtazame mgonjwa huyu" si barua, ni salamu. Piga simu pia. Na unapompigia mkubwa wako kuomba ushauri, anza na swali lako, usianze na historia ya tangu utotoni: "Dokta, nina mama wa wiki 34, presha 170/110, nimempa magnesiamu saa mbili na robo, nauliza kama nimsafirishe sasa au nishushe presha kwanza." Mtu aliyeamshwa usingizini anaweza kujibu hilo.

Yanayoweza kungoja ni mengi, usijibebeshe. Ultrasaundi utaifundishwa, na mikono yako itaizoea. Kliniki ya wazee, kumtunza anayefia nyumbani, kutembelea kaya, kuongoza kikao cha watumishi, bajeti ya kituo, haya yote hakuna anayekuja nayo. Vitabu vya MTUHA, zile rejista za takwimu za kituo, utavichukia miezi miwili ya kwanza. Mwezi wa tatu utagundua kwamba rejista ya kuhara inakuonesha ni kijiji gani kisima chake kimeingiwa na uchafu, na hapo utaanza kugombana na wanaoijaza kwa kukisia.

Vifaa. Stethoskopu unayo. Nunua saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, hata ya sokoni. Simu usiitumie, mgonjwa atadhani unachati. Mashine ya presha yenye mikanda miwili, ya kawaida na ya mkono mnene, kwa sababu mkanda mdogo kwenye mkono mnene utakutengenezea wagonjwa wa presha wasiokuwapo. Tochi. Utepe wa kupimia mkono wa mtoto utaupata kituoni. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, siku hiyo hiyo anaanza tiba. Daftari dogo la kuandika usichokijua, ukalisome jioni. Na ukifika ofisini kwako sogeza kiti cha mgonjwa kitoke ng'ambo ya meza, kikae pembeni yako.

Wakishakupangia wilaya niandikie ni ipi. Ikiwa ni Kongwa tutaongea habari ya vikope, maana huko utatakiwa kujua kuligeuza kope la juu kwa kidole na kijiti, na nina hakika mwaka mzima huu hujaligeuza hata moja.